Paul Isaac Musasizi

Paul Isaac Musasizi ni mhandisi wa umeme kutoka Uganda na mkurugenzi mtendaji wa Kiira Motors Corporation, kampuni ya serikali inayounda mabasi na magari ya umeme. Kabla ya hapo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala. Akiwa huko alikuwa meneja wa mradi wa Kiira EV, gari dogo la umeme lililozinduliwa mwaka 2011.

Wakuu wengi wa kampuni za magari hupokea kampuni ambayo tayari ina kiwanda, wateja na mawakala wa kuuza. Musasizi alianza na gari moja la viti viwili lililoundwa na walimu na wanafunzi. Kwa hiyo kazi yake ya uongozi imekuwa hasa kuvusha ujuzi kutoka karakana ya chuo hadi kiwandani, kwa fedha za umma na mbele ya macho ya umma.

Asichanganywe na Henry Musasizi, mwanasiasa wa Uganda aliyeshika wadhifa wa waziri wa nchi katika Wizara ya Fedha.

Makerere na maabara za mtandaoni

Musasizi alisomea uhandisi wa umeme Makerere na baadaye akafundisha katika idara ya uhandisi wa umeme na kompyuta ya chuo hicho. Mmoja wa walimu aliofanya nao kazi kwa karibu ni Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, ambaye baadaye, mwaka 2015, aliteuliwa kuwa waziri wa nchi anayeshughulikia elimu ya juu.

Kazi yao ya pamoja ya mwanzo haikuhusu magari. Ilikuwa mradi wa iLabs, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuletwa Afrika kwa ushirikiano wa Makerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo cha Nigeria. Katika iLabs mwanafunzi hukaa mbele ya kompyuta na kuendesha jaribio kwenye chombo halisi cha maabara kilicho mahali pengine, kupitia intaneti. Kwa njia hiyo chombo kimoja cha bei kubwa huweza kutumiwa na wanafunzi wengi wa vyuo mbalimbali.

Katika miaka hiyo intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa, kwani nyaya za kwanza za baharini za kasi kubwa zilifika pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 2009 tu. Kutumia vyombo vilivyoko Marekani kulikuwa kugumu, hivyo Makerere ilianza kujitengenezea majaribio yake yenyewe. Wanafunzi waliandika programu, wakaunganisha saketi na kuzijaribu. Kundi la wahandisi vijana waliozoea kubuni na kutengeneza kwa mikono yao lilikuwa tayari lipo pale wazo la gari lilipokuja.

Vision 200

Wazo hilo lilikuja kupitia Vehicle Design Summit, mpango wa wanafunzi ulioanzia MIT mwaka 2006. Lengo lake lilikuwa kubuni gari linalotumia nishati kidogo, kwa kugawana kazi kati ya vyuo vikuu zaidi ya 30 vya nchi mbalimbali. Gari lililotokana na mpango huo liliitwa Vision 200. Lilikuwa gari la mseto, yaani linalotumia umeme na mafuta, na kazi ya kuliunganisha ilifanyika Torino, Italia, mji wenye historia ndefu ya magari. Makerere ilishiriki katika mpango huo.

Waganda walioshiriki walirudi na swali: ikiwa waliweza kuchangia sehemu ya gari la wengine, je, wangeweza kuunda lao zima? Kituo cha utafiti wa teknolojia za usafiri kilianzishwa Makerere, na Musasizi akawa meneja wa mradi wake wa kwanza.

Kiira EV

Gari hilo liliitwa Kiira EV. Kiira ni jina la Mto Naili katika lugha za eneo la Jinja, mahali mto unapotoka katika Ziwa Viktoria, na pia ni jina la kituo cha kufua umeme kilichopo hapo. Jina hilo liliunganisha gari na chanzo cha nishati yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Uganda hutokana na maji ya Naili.

Fedha za mradi zilitoka katika mpango wa rais wa kusaidia sayansi na teknolojia katika chuo cha uhandisi cha Makerere. Kiira EV lilikuwa gari la kijani lenye viti viwili, na liliweza kwenda takribani kilomita 80 kabla ya kuchajiwa tena. Lilijaribiwa barabarani tarehe 1 Novemba 2011, na tarehe 24 mwezi huohuo Rais Yoweri Museveni akalizindua rasmi.

Si kila kitu ndani yake kilitengenezwa Uganda. Betri, mota na vipuri vingine vya kielektroniki viliagizwa kutoka nje. Kilichofanyika Makerere ni usanifu, bodi, kuunganisha mifumo na kuifanya ifanye kazi pamoja. Tofauti hii ni muhimu katika kuelewa yote yaliyofuata, maana hata viwanda vikubwa vya magari duniani hununua sehemu nyingi kutoka kwa makampuni mengine. Thamani hupatikana kwa kujua gari zima linavyofanya kazi na kwa kuongeza hatua kwa hatua yale yanayotengenezwa nyumbani.

Mwaka 2014 timu ilitoa gari la pili, Kiira EV Smack. Hili lilikuwa gari la familia la viti vitano. Liliendeshwa kwa umeme wa betri, na injini ndogo ya petroli ilizungusha jenereta ya kuongeza chaji. Mpango huo ulijibu tatizo lililo wazi: nje ya miji mikubwa hapakuwa na mahali pa kuchajia, lakini petroli ilipatikana karibu kila mji mdogo.

Kutoka mradi wa chuo hadi kampuni

Chuo kikuu hakiwezi kuuza magari. Hakina dhamana kwa mnunuzi, karakana za matengenezo wala mtaji wa kiwanda. Kwa sababu hiyo Kiira Motors Corporation iliandikishwa mwaka 2014 ili kuyapeleka matokeo ya utafiti sokoni. Serikali ya Uganda inamiliki asilimia 96 ya hisa na Makerere asilimia 4. Musasizi akawa mkurugenzi mtendaji wake.

Mabadiliko hayo yalibadili pia kazi yake. Meneja wa mradi wa chuo huulizwa kama gari linatembea. Mkurugenzi wa kampuni huulizwa litagharimu kiasi gani, nani atalinunua, vipuri vitatoka wapi na mkopo utalipwa lini. Kwa kuwa mwenye hisa mkuu ni serikali, maswali hayo huulizwa pia bungeni na katika magazeti.

Uamuzi mkubwa wa miaka ya kwanza ulikuwa kuacha gari dogo na kugeukia basi. Gari dogo jipya lingeshindana na magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi zaidi katika barabara za Uganda, na bei yake isingeweza kushuka hadi kufikia ya hayo. Basi ni tofauti. Wanunuzi wake ni wachache na wakubwa, kama vile kampuni za usafiri, mamlaka za miji na taasisi za serikali. Basi la mjini hupita njia ileile kila siku na kurudi kituoni usiku, hivyo mahitaji yake ya chaji hujulikana mapema. Tena, kadiri chombo kinavyotembea kilomita nyingi kwa siku, ndivyo akiba ya mafuta inavyofidia bei kubwa ya betri.

Kayoola Solar Bus

Basi la kwanza lilionyeshwa hadharani katika uwanja wa michezo mjini Kampala mnamo Februari 2016. Lilipewa jina la Kayoola. Lilikuwa na viti 35, betri za aina mbili na paneli za jua juu ya paa, na liliripotiwa duniani kote kuwa basi la kwanza la jua barani Afrika. Betri moja ilichajiwa na paneli wakati wa mwendo na nyingine ilichajiwa kwa umeme wa kawaida. Basi liliweza kwenda takribani kilomita 80, hivyo lilikusudiwa kwa safari za mjini.

Hesabu rahisi huonyesha kwa nini jua peke yake halikutosha. Paneli za mita 20 za mraba hutoa takribani kilowati 3 hadi 4 wakati wa jua kali la mchana, hata katika nchi inayopitiwa na ikweta. Basi la mjini hutumia karibu kilowati-saa 1 kwa kila kilomita. Kwa hiyo siku nzima ya jua zuri huongeza kilomita kati ya 10 na 20 hivi, ilhali basi la abiria hutembea kilomita mia moja na zaidi kwa siku. Paneli zilikuwa msaada kwa betri na zilivutia watu, lakini basi la kibiashara lilihitaji betri kubwa na umeme wa gridi.

Wakati huo Musasizi aliiambia BBC kuwa alitumaini kuanza kuunda mabasi kwa wingi ifikapo mwaka 2018. Bei iliyotarajiwa ilikuwa hadi dola 58,000 za Marekani kwa basi, na ajira za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja zilikadiriwa kupita 7,000. Tarehe hiyo ilipita bila kiwanda kuwa tayari, na makadirio hayo yakawa kipimo ambacho wakosoaji wamekitumia tangu hapo.

Kiwanda cha Jinja

Mwaka 2018 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha shilingi bilioni 143.7 za Uganda kuwa mtaji wa kuanzia, zitolewe kwa awamu katika miaka minne. Kampuni ilikuwa imepewa ekari 100 za ardhi nje kidogo ya mji wa Jinja. Ujenzi wa kiwanda ulianza mwaka 2019 na ukakabidhiwa kwa National Enterprise Corporation, shirika la biashara la jeshi la Uganda. Awamu ya kwanza ilipangwa kuwa na uwezo wa kuunda magari 5,000 kwa mwaka.

Jinja ina sababu zake. Ilikuwa mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954. Ipo kwenye barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Kampala, njia ambayo shehena kubwa ya Uganda hupitia. Vipuri vinavyoshushwa bandarini hufika hapo kabla ya kufika mji mkuu.

Kayoola EVS

Kiwanda kikiwa bado kinajengwa, kampuni haikusubiri. Ilifanya makubaliano na kampuni ya CHTC Motor ya China ili wahandisi wa Uganda wajifunze uundaji wa mabasi kwa kushiriki katika kazi yenyewe. Hapo ndipo lilipotokea Kayoola EVS, basi la mjini lenye urefu wa mita 12 na sakafu ya chini. Linaweza kubeba abiria 90, waliokaa na waliosimama, na kwenda takribani kilomita 300 kwa chaji moja.

Uunganishaji wa mabasi ulifanyika kwa muda katika karakana za Luwero Industries huko Nakasongola, kiwanda kilicho chini ya jeshi. Sakafu ya chini ina maana kwa abiria: mzee, mama mwenye mtoto mgongoni au mtu mwenye ulemavu huingia bila kupanda ngazi, jambo ambalo ni gumu katika mabasi madogo ya abiria 14 yanayoitwa teksi nchini Uganda.

Mnamo Januari 2024 Kampala ilipokea mikutano miwili mikubwa katika hoteli za Munyonyo, wa nchi zisizofungamana na upande wowote na wa kundi la nchi 77 na China. Mabasi ya Kayoola yalitumika kubeba wajumbe. Kwa kampuni ilikuwa nafasi ya kuonyesha kuwa mabasi hayo yanaweza kufanya kazi ya kila siku kwa ratiba.

Umeme na soko

Hoja kuu ya Musasizi na serikali katika kutetea mabasi ya umeme imekuwa nishati. Uganda huagiza mafuta yote ya magari kutoka nje, na hupitisha mafuta hayo katika nchi jirani kabla ya kuyapokea. Kwa upande mwingine imejenga mabwawa kadhaa katika Naili: Bujagali la megawati 250 mwaka 2012, Isimba la megawati 183 mwaka 2019, na Karuma la megawati 600 lililozinduliwa rasmi mwaka 2024. Usiku, viwanda na nyumba zinapotumia umeme kidogo, mabasi yaliyo kituoni yanaweza kuchajiwa kwa umeme ambao vinginevyo usingetumika.

Soko limekuwa gumu zaidi kuliko nishati. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, hatua iliyopunguza kidogo ushindani wa magari ya zamani. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Hata hivyo, miji ya ukanda huu inapohitaji mabasi makubwa mengi kwa mara moja huelekea kwa watengenezaji wa nje. Dar es Salaam ilipoanzisha usafiri wa mwendokasi mwaka 2016 iliagiza mabasi kutoka China. Mtengenezaji mchanga hubanwa pande mbili: bei haishuki bila oda kubwa, na oda kubwa haiji mpaka bei ishuke.

Mijadala

Kiira Motors imekosolewa mara kwa mara nchini Uganda. Wabunge na waandishi wa habari wamehoji kasi ya ujenzi, idadi ndogo ya magari yaliyokamilika ikilinganishwa na fedha zilizotumika, na wingi wa vipuri vinavyoagizwa. Wengine wameona magari hayo kama fahari ya kisiasa. Uzinduzi wa Kayoola mnamo Februari 2016 ulifanyika siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 18 mwezi huo. Wapo pia wanaosema fedha hizo zingefaa zaidi katika hospitali na shule.

Watetezi wa mradi hujibu kwamba hakuna nchi iliyojenga sekta ya magari kwa miaka michache. Hyundai ya Korea Kusini ilianza mwaka 1967, ikaunganisha magari ya Ford kwa miaka kadhaa, na ilitoa gari lake la kwanza, Pony, katikati ya miaka ya 1970 kwa msaada mkubwa wa wataalamu wa Uingereza, Italia na Japani. Wanaongeza kuwa mhandisi anayefundishwa Makerere kisha akaondoka kwa kukosa kazi ya fani yake ni hasara ambayo haionekani katika hesabu za bajeti.

Pande zote mbili zina ukweli. Mafunzo yanayopatikana ni halisi, lakini kampuni iliyojengwa kwa kodi za wananchi hupimwa kwa mabasi yaliyo barabarani.

Viongozi wengine wa sekta katika Afrika Mashariki

Njia ya Musasizi huonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na za wengine. Nchini Kenya, Rita Kavashe alipanda kupitia idara za mauzo hadi kuiongoza General Motors East Africa ya Nairobi, na akaendelea kuiongoza baada ya Isuzu ya Japani kununua hisa za General Motors mwaka 2017 na kampuni kuitwa Isuzu East Africa. Hapo kiwanda, jina na wateja vilikuwepo tangu miaka ya 1970, na kazi ya mkuu ilikuwa kulinda na kukuza soko.

Joel Jackson, Mwingereza, alianzisha Mobius Motors nchini Kenya akiwa na lengo la kuunda gari rahisi na imara kwa barabara mbaya za vijijini. Aliitegemea mitaji ya wawekezaji binafsi. Mwezi Agosti 2024 kampuni hiyo ilitangaza kufungwa kwa sababu ya madeni, kisha ikapata mnunuzi. Kampuni ya BasiGo, nayo ya Nairobi, ilichagua kuunganisha mabasi ya umeme yenye teknolojia ya China na kuwapa wenye matatu kwa malipo yanayofuata kilomita wanazotembea, ili bei ya betri isimwangukie mnunuzi siku ya kwanza.

Nchini Tanzania, kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu huko Kibaha, kilicho chini ya jeshi, kimebuni magari tangu karne iliyopita. Magari hayo hayakuwahi kuuzwa kwa wingi kwa raia. Historia ya Nyumbu huonyesha jambo lilelile linaloikabili Kiira: gari la mfano linaweza kuundwa na wahandisi hodari wachache, lakini kiwanda huhitaji wanunuzi wa kudumu.

Umuhimu

Musasizi ni miongoni mwa wakuu wachache wa kampuni za magari barani Afrika waliotoka moja kwa moja darasani. Ameongoza kazi hiyohiyo kutoka gari la viti viwili la mwaka 2011 hadi mabasi ya mita 12 na kiwanda cha Jinja. Katika muda huo mawaziri wa sayansi wamebadilika, teknolojia ya betri imekuwa nafuu zaidi, na wazo la basi la umeme, ambalo mwaka 2011 lilionekana geni, limekuwa biashara ya kawaida katika miji mingi ya dunia.

Mabadiliko hayo yameleta faida na hatari kwa pamoja. Betri za bei nafuu huisaidia Kiira kupunguza bei ya mabasi yake, lakini huwasaidia pia watengenezaji wakubwa wa China wanaouza katika soko hilohilo. Matokeo ya kazi ya Musasizi yatategemea kama miji ya Uganda na ya nchi jirani itanunua mabasi ya Jinja kwa idadi inayoweza kukiendesha kiwanda, na kama wahandisi waliofunzwa humo watapata kazi ya kutosha kubaki.